K ya Mwalimu

Mihadhara ya hadhara pale chuoni ilikuwa na kikapu cha maswali, na kikapu kilikuwa na mwenyewe. Wenzake walimwita Kipaza. Ndiye aliyetoa vipaza sauti kabatini, akavijaribu kwa kuvigongagonga, kisha akavirudisha na kufunga kwa ufunguo. Lakini jina hilo lilikuwa na utani ndani yake, maana sauti ya mwanamke huyu ilikuwa ndogo ajabu. Ukitaka kumsikia ulisogeza kiti. Alikuwa karani wa idara kwa miaka kumi na tisa, meza ileile, dirisha lilelile linalotazama uwanja wa nyuma, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akiita mtu kwa mbali.

Kikapu kilianza baada ya mzee mmoja kusimama aulize swali, akaishia kusoma utenzi wake mwenyewe wa beti sitini huku wageni wakisinzia. Tangu siku hiyo hadhira ikanyang'anywa kipaza sauti. Mwenye swali aliliandika kwenye kikaratasi, Kipaza akapita kukusanya, akaenda kukaa nyuma ya pazia la jukwaa na kuchambua. Vikaratasi vya kupita aliviweka kwenye sinia la Profesa. Vya kulala, kama walivyoviita wenyewe, vililala mfukoni mwa sketi yake mpaka siku ya kufua. Hakuna barua iliyomwagiza hivyo. Profesa alimwonyesha kwa jicho mara moja tu, na jicho la mkubwa halina haja ya muhuri.

Basi mwanamke mwoga kama huyu, anayepima hata hatua za kwenda chooni, aliponzwa na nini? Aliponzwa na mapenzi, tena mapenzi kwa mama yake mzazi.

Mama huyo mji mzima ulimwita Mwalimu. Kwa miaka thelathini na minne alifundisha darasa la kwanza katika shule iliyo chini ya mteremko wa chuo. Alipostaafu hakukosa mhadhara hata mmoja: ni bure, viti vina mito, na mwisho kuna chai. Alikaa safu ya tatu, chini ya feni, na kila mara aliandika swali lilelile: "Je, vitabu vilivyotajwa vinapatikana maktaba?" Halikuwahi kusomwa hata siku moja, kwa sababu Profesa alipenda maswali mazito. Nyumbani Mwalimu alinuna. "Binti yangu ndiye mlinda mlango," alisema, "na mimi nalala nje kama mbwa wa jirani."

Na mwandiko wake binti asingeweza kuukosea, hasa herufi k. K ya Mwalimu ilirusha mguu mbele, halafu mguu ukarudi chini na kuwa mkia mrefu uliopita chini ya herufi inayofuata. "K msiiache peke yake," aliwaambia watoto. "Itaanguka. Mpeni jirani yake mkono." Kwa kuwa lugha yetu bila k haiendi popote, ukurasa wa Mwalimu ulionekana mbali: herufi zote zimeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara.

Alhamisi hiyo ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Mada ilikuwa "Mwandishi, Mpaka na Sheria", na mhadhiri alikuwa mwandishi mkongwe, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, aliyevuka mipaka mitatu maishani na kuandika kitabu kila alipotua. Alisema mtu akihama kitu cha kwanza kupotea ni jina lake, kwa sababu karani wa mpakani hulisikia vibaya, na mwenye jina ana haraka ya kupita. Kipaza, nyuma ya pazia, alilipenda neno hilo. Karani kutajwa kwenye mhadhara si jambo la kila siku.

Lakini watu hawakuja kwa ajili ya mwandishi. Walikuja kwa ajili ya mgeni rasmi, Mheshimiwa mwenye muswada. Wiki iliyokuwa inakuja muswada wake wa uraia ungesomwa bungeni, na kila mtu aliujua kwa moyo: aliyepata uraia kwa jina la uongo anavuliwa, na aliyemwandikia jina hilo anakwenda jela, hata ipite miaka mia. Mheshimiwa alisimama, akarekebisha tai, akasema mtu aliyeingia nchi hii kwa jina la kuazima ni mwizi wa nchi. "Na siku za mwizi," alimalizia, "ni arobaini." Safu ya kwanza ilipiga makofi kama vile mishahara inatoka hapo.

Kipaza akapita na kikapu, akarudi nyuma ya pazia, akachambua haraka. Tisa vya kulala. Vitano vya kupita. Kwenye cha mwisho akaiona k, ile yenye mkia, na moyo ukamlainika. Akajisemea leo mama atasomewa. Leo akirudi nyumbani hatanuna. Hakukisoma kikaratasi, maana nani husoma swali analolijua? Akakiweka juu kabisa ya sinia.

Profesa akakishika, akavaa miwani. "Swali la kwanza ni la mgeni rasmi," akasema, na Kipaza akashtuka, kwa sababu maktaba si mgeni rasmi. "Mheshimiwa, siku baba yako alipokuleta darasa la kwanza..." Hapo Profesa macho yake yalikwishaona kinachofuata, lakini mdomo ulikuwa umetangulia. "...ulikuwa unaitwa nani?"

Feni ilisikika. Mtu mmoja alikohoa, akajuta. Mheshimiwa alicheka, lakini kicheko chake kilichelewa, na ukumbi mzima uliona kilivyochelewa. "Naona leo tumeletewa hata wachekeshaji," akasema. Profesa akafunga kikao kabla ya saa yake, wasaidizi wa Mheshimiwa wakaja mezani wakakichukua kikaratasi, wakakitia kwenye bahasha kwa ncha za vidole. Kipaza alikuwa amesimama akiwa na kikapu kitupu, kijasho chembamba kinamteremka mgongoni. Safu ya tatu, Mwalimu alichukua mkoba wake, akaenda kunywa chai.

*

"Mama, umeniua," alisema walipofika nyumbani. Alifunga mlango, akafunga na dirisha, joto lote lile.

Mwalimu alikuwa anavua viatu taratibu. "Nimeuliza swali la darasa la kwanza. Linamshinda nini mtu mzima?"

"Ulijuaje kama alikuwa na jina jingine?"

"Nisijue vipi? Nilimfuta kamasi."

Hapo ndipo Kipaza alipoambiwa jambo ambalo katika miaka yake arobaini na mitatu hakuwahi kuambiwa. Mwaka mmoja, yeye hajazaliwa bado, kulikuwa na vita upande wa pili wa mpaka, na watu walivuka kwa miguu. Sheria ilisema mtoto asiye na karatasi haandikishwi shule. Mwalimu alikuwa msichana wa miaka ishirini na minane, mwenye chaki na daftari la mahudhurio. Aliwaandikisha wote. Kila mtoto alimpa jina la hapa, akamwandika kazaliwa hapa, na mkaguzi alipokuja alikuta darasa zima ni la wenyeji. Walikuwa arobaini na mmoja.

"Mtoto wa leo akiniuliza nilifanya kosa, nitasema ndiyo," Mwalimu alisema. "Lakini sikuwaibia. Nilichowavua nilikiweka."

Akafungua droo ya meza, akainua kitambaa, akatoa daftari dogo lenye jalada la bluu lililofifia. Kushoto majina aliyowapa. Kulia majina waliyokuja nayo, ya baba na mama zao, yameandikwa kwa mwandiko uleule, herufi zimeshikana mikono. Mwalimu alipitisha kidole upande wa kulia. Mengine aliyatamka bila kuangalia. Mengine alilazimika kuyasoma, na mengine aliyasoma mara mbili, akisogeza daftari mbali na macho, kwa maana miaka sabini na minne si mchezo, na siku hizi hata miwani yake aliitafuta ikiwa kichwani.

"Yule leo kaniita mwizi wa nchi," alisema. "Mimi na wenzake arobaini. Ningenyamaza?"

"Ndiyo!" Kipaza alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikatoka kubwa, ikamtisha mwenyewe. "Ndiyo, Mama. Ungenyamaza. Unajua wataangalia mwandiko?"

"Waangalie. Mwandiko wangu mzuri."

Mzee akirudishiwa daftari lake anarudi kuwa msichana. Akaliweka mahali pake, akalala usingizi wa watoto. Kipaza ndiye aliyebaki na macho. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilikuja kumchukua mama yake. Alimwona kwenye benchi la polisi, miguu haifiki chini, anawasahihisha askari tahajia. Alijiona yeye mwenyewe nje ya geti akiwa na chupa ya chai. Ndani ya hofu hiyo likazaliwa wazo, na wazo lililozaliwa na hofu hufanana na mama yake.

Asubuhi Mwalimu alipoingia kuoga, Kipaza alifungua droo.

*

Saa moja na nusu hakuna mtu chuoni isipokuwa mama wa usafi, na mama wa usafi alikuwa ghorofa ya juu. Kipaza aliwasha mashine ya kukatia karatasi iliyokuwa pembeni ya kabati lake. Mashine ile ilikuwa na kelele kama ya mtu anayesaga meno. Alichana jalada kwanza, halafu kurasa, mojamoja, hakutaka kusoma lakini macho hayana adabu, na kila ukurasa ulipoingia aliona mikia ya k inaingia pamoja na wenzake. Nyuzi za karatasi zilianguka kwenye mfuko wa plastiki. Zilijaa robo tu ya mfuko. Watu arobaini na mmoja, na mfuko haukujaa.

Akaufunga kwa fundo, akausukuma chini ya meza kwa mguu. Alipoinua kichwa, Profesa alikuwa mlangoni na mwanamume asiyemjua.

"Huyu ni Ofisa kutoka ofisi ya Mheshimiwa," Profesa alisema. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu la baridi. "Anataka tuandike kidogo."

Ofisa alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, mkoba wa ngozi kwapani. Aliangalia chumba bila haraka: kabati, kikapu cha maswali, mashine ambayo bado ilikuwa na joto. "Habari za asubuhi, dada," akasema. "Samahani kwa usumbufu."

Waliokusanywa kwenye chumba cha semina walikuwa kumi na wawili: mhasibu, mabwana maktaba wawili, mlinzi, mpiga chapa, mama wa usafi na ufagio wake, Profesa mwenyewe na wafanyakazi wengine, wote waliokuwa ukumbini Alhamisi. Kila mmoja akapewa karatasi na kalamu ileile. Mhasibu akajaribu kutania kwamba tangu aoe hajawahi kupewa imla na mtu asiye mke wake, hakuna aliyecheka. Kikaratasi cha jana kilikuwa juu ya meza ndani ya plastiki. Kipaza alikiona kutoka alipokaa. Akaona mkia wa k.

"Andikeni," Ofisa akasema, na akasoma polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache kama walimu wafanyavyo. "Kuku wa kaka... kakimbia kichakani... kaka kakaa kimya."

Chumba kilitikisika kidogo. Mlinzi aliinua kichwa, akakirudisha. Mama wa usafi alitabasamu, akajifuta tabasamu. Hakuna aliyepita darasa la kwanza chini ya mteremko ule ambaye hakuwahi kuandika sentensi hiyo mpaka kidole kikaota sugu. Ilikuwa ya Mwalimu. Aliitunga mwenyewe, k tupu, ili mkono uzoee.

Kipaza damu ikamkimbia mwilini. Alielewa kwamba mtu huyu anajua kila kitu, kwamba imla hii ni mtego, na atakayeandika k yenye mkia ndiye atakayeshikwa. Aliandika k fupi, ya kisanduku, kama ya kwenye magazeti, imesimama peke yake bila kumshika mtu. Kuku wa kaka. Kila k ilimuuma. Alipomaliza akageuza karatasi kifudifudi, akashukuru Mungu kwa akili aliyompa.

Ofisa alikusanya, akawaambia warudi kazini. "Wewe dada nitakuja ofisini kwako," akasema.

*

Aliketi mezani kwake akasubiri, viganja katikati ya magoti. Mama wa usafi akapita, kama kila siku, akainama chini ya meza akauchukua mfuko. "Uchafu wa asubuhi yote hii?" akauliza. Kipaza akatikisa kichwa kukubali. Mama wa usafi akatoka nao, akakutana mlangoni na Ofisa, akampisha. Mfuko ulimgusa suruali.

Ofisa akafunga mlango. Akapanga karatasi juu ya meza, mojamoja, kama mtu anayetandika karata.

"Angalia," alisema. "Mhasibu. Mlinzi. Mabwana maktaba. Wote wana k ya mkia. Nasikia Mwalimu alikuja kuwa mkuu wa walimu wa darasa la kwanza, na wilaya nzima ikaiga ubao wake. Ya Profesa naiacha, yeye alisoma mbali, na sidhani kama hata yeye anaweza kusoma alichoandika." Hakutabasamu. "Watu kumi na wawili. Ukimtoa Profesa, wote wameandika kama kikaratasi kile. Isipokuwa mmoja."

Akaweka karatasi ya mwisho katikati. K za visanduku, kila moja na upweke wake.

"Na huyo mmoja," Ofisa akasema, "ndiye binti yake."

Kuna hofu inayopiga kelele na kuna hofu inayokata sauti. Hii ilikata. Kipaza alifungua mdomo, ukatoka upepo. Mtu mzima mwenye akili zake amekimbia mvua akaingia mtoni, na mtoni kumejaa. Angeandika kama watu wote angepotea katikati ya watu wote. Amejificha kwa kujiweka peke yake.

Ofisa akatoa daftari lake la mfukoni, akalifungua mbele yake. Kurasa zilikuwa zimejaa mambo ya kazi, tarehe, namba za magari. Kipaza hakusoma maneno. Alichoona ni mikia. Ukurasa mzima, herufi zimeshikana mikono.

"Andika tena," Ofisa alisema, akamsogezea karatasi mpya. "Ulivyofundishwa."

Akaandika. Mkono ulikwenda wenyewe. Ofisa akaichukua ile ya kwanza, akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni. Akaipanga hii mpya na wenzake.

"Ripoti yangu itasema mwandiko haukuweza kutofautishwa. Mheshimiwa atakasirika, lakini hawezi kunituma kwa mwalimu wake wa darasa la kwanza. Kwenye wasifu wake uliosomwa jana hakusoma hapa. Si ndivyo ulivyouchapa?"

"Ndivyo nilivyoletewa, kaka," Kipaza alinong'ona.

Ofisa hakuondoka. Alisimama dirishani, mgongo wake kwake. Uwanjani mama wa usafi alikuwa anavuka na mfuko mkononi, anaelekea kwenye pipa la kuchomea takataka, hana haraka, anasimama kuvuta kandambili.

"Nilikuwa darasa moja naye," Ofisa akasema. "Mheshimiwa. Yeye alikaa mbele, mimi dirishani. Tulivuka wiki moja. Baba yangu alikufa mwaka huohuo. Mama hakufika. Hili jina ninalotumia alinipa Mwalimu, na ni jina zuri, limenisomesha, limeniozesha, watoto wangu wanalo. Lakini lile la kwanza sikumbuki. Nimejaribu. Namkumbuka baba akiniita, naona mdomo wake unavyokwenda, sauti sisikii." Akageuka. "Watu wanasema Mwalimu aliyaandika mahali. Sitaki kitu kingine, dada. Sitaandika popote. Nataka kujua nilikuwa naitwa nani."

Mama wa usafi alikuwa amefika katikati ya uwanja.

Kipaza alimtazama mtu huyu machoni na hakuona kitu cha kushika. Labda anasema kweli. Labda ndivyo wanavyofundishwa kusema. Wanakuja na machozi, unawapa daftari, kesho wanakuja na pingu. Akikiri kwamba lilikuwepo amemfunga mama yake, na wale arobaini amewafunga nyuma yake. Na mfuko ule, ukiunganishwa kwa gundi na subira, ungempa mtu mmoja jina lake na ungempa Mheshimiwa wote. Alijua kwamba inatosha kufungua dirisha na kuita mara moja. Hatua thelathini tu. Mtu mwingine yeyote angesikika.

"Hakuna daftari, kaka," alisema.

Ofisa aliendelea kumtazama. Nje, mfuniko wa pipa uligonga.

"Mama ni mzee," Kipaza akaongeza, haraka, akitazama meza. "Watu wanamsingizia. Hakuwahi kuandika kitu."

"Sawa," Ofisa akasema. "Kama hakuna, hakuna."

Akakusanya karatasi zake kwenye mkoba. Alipofika karibu yake alisimama, akanyoosha mkono, na Kipaza akajikunyata kwenye kiti akidhani anakamatwa. Ofisa alikuwa anamtoa kitu kwenye mkono wa sweta. Kilikuwa kiuzi cha karatasi kimeng'ang'ania sufi, chembamba kama tambi, kizee, cha rangi ya chai. Juu yake kulikuwa na mkia wa k, na kipande cha herufi aliyokuwa ameishika, ambacho kingeweza kuwa chochote.

Alikisogeza karibu na macho, kisha mbali. Akageuka akaangalia mashine pembeni ya kabati, akaangalia dirisha, ambako moshi ulikuwa umeanza kupanda mwembamba. Kipaza alisubiri apige kelele, apige simu, akimbie. Ofisa alifungua daftari lake, akakilaza kiuzi kile katikati ya kurasa, akafunga taratibu kisije kikadondoka.

"Nisalimie Mwalimu," akasema, na akatoka.

Alipoacha kusikia viatu vyake Kipaza alikimbia. Alikimbia kama hajawahi, akivuka uwanja, sketi mkononi, mabwana maktaba wakimshangaa madirishani. Mama wa usafi alikuwa ameegemea fimbo ya kuchochea moto kando ya pipa. Karatasi kavu haichelewi. Kulikuwa na majivu mepesi, yanainuka na kukaa, na ukiyagusa yanakuwa si kitu.

*

Nyumbani alimkuta Mwalimu kwenye kiti chake karibu na redio, miwani kichwani. Kipaza akakaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni, na akamweleza. Alieleza imla, kuku wa kaka, k za visanduku. Hapo Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho. "Mwanangu mwenyewe," alisema, "ndiye pekee aliyefeli." Kipaza naye akacheka kidogo, kwa sababu mama yake yuko nyumbani, yuko kwenye kiti, hakuna gari lililopunguza mwendo.

Kuhusu mashine hakusema. Alijiambia atasema kesho.

"Yule Ofisa ni mwanafunzi wako," alieleza. "Mmoja wa wale. Alikuwa anakaa dirishani. Baba yake alikufa mwaka uleule."

Mkono wa Mwalimu uliokuwa kichwani mwa binti yake ukasimama.

"Wa dirishani," alisema. "Namjua. Nilipompa jina jipya hakuitika. Siku ya kwanza nimeita, kimya. Siku ya pili nimeita, ananitazama tu. Siku ya tatu alilia, akaniambia, Mwalimu, huyo unayemwita hajafika. Nikaenda chooni nikalia na mimi. Siku ya nne nikaita, akasema, nipo." Alivuta pumzi. "Siku ile nilijua nimefanya kitu ambacho lazima siku moja nikirudishe."

"Anakuuliza," Kipaza alisema. "Anauliza alikuwa anaitwa nani."

Mwalimu alifumba macho. Midomo yake ilijaribu kitu, ikakiacha, ikajaribu kingine. Alikunja uso kama mtu anayesikiliza mlango wa mbali. Halafu akafumbua macho, akatabasamu, hana wasiwasi wowote, akashika mikono ya kiti na kuinuka kwa tabu.

"Limenitoka, lakini lipo," alisema. "Ngoja nikuangalizie."

Akaenda mpaka mezani, akavuta droo, akainua kitambaa, na mkono wake ukaanza kupapasa.